Springi za Njia ya Ravine

Mume wangu alifungua springi zote nne za gari lake wakati mimba yangu ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Naliweka hili mwanzo kabisa ili msomaji ajue hasira zangu zilitoka wapi. Gari lilikuwa uani, limeinuliwa juu ya mataruma ya reli, magurudumu yake yamelazwa ukutani, na mimi nilikuwa na safari.

Safari yenyewe ilikuwa ya Eldama Ravine, kwa mama. Sisi Waislamu wa miji ya bara, ambao babu zetu walipanda na misafara kutoka pwani wakasahau kurudi, tuna desturi kwamba mwanamke huenda kwao kumzaa mtoto wa kwanza. Mama yako ndiye anayekupokea, ndiye anayekukanda maji ya moto, wala hurudi kwa mumeo mpaka arobaini itimie. Watu wengine wangesema, basi mama si aje Nakuru? Hawamjui mama. Baba yangu alikuwa na asili ya pwani, lakini mama alikuwa Mtugen aliyesilimu akiwa msichana, na katika yote aliyoyaacha kwao, la mkwe hakuliacha. Kwao mwanamke na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama hawezi kulala chini ya paa la mkwewe. Tangu harusi yetu, mama na mume wangu walikuwa wanasalimiana kupitia mlango uliofungwa. Mama aliliita jambo hilo heshima. Mimi nililiita balaa.

Basi ilinibidi niende mimi. Na mwaka uliotangulia nilikuwa nimejaribu kwenda.

Mwaka ule mume wangu alinitafutia nafasi mbele ya lori la mahindi, kwa sababu alidhani basi lina msongamano. Hatukufika hata Rongai. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua, lori lilikuwa halina mzigo, na lori tupu halina huruma. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili, dereva akipunguza mwendo kila mara nilipolia, na mwisho ikabidi tugeuze. Mtoto alizaliwa chumbani kwetu, mtaa wa Bondeni, wa kiume, na hakulia. Bibi mmoja jirani, mkunga ambaye amezalisha nusu ya mtaa wetu, alimfunika na kumpeleka nje kabla sijainua kichwa. Niliomba nimwone. Wakasema si vizuri kwa mwanamke ambaye bado atazaa. Mume wangu alikwenda kuzika na wanaume wengine, akarudi, akanawa mikono pale bombani, akaketi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo hakusema neno juu ya mtoto yule. Si kwangu, si kwa mtu mwingine niliyemjua. Kama ungekuwa mgeni katika nyumba ile ungedhani hakuna kilichotokea. Nilimchukia kwa kimya kile, nasema wazi, nilimchukia huku nikimpikia na kumfulia.

Mama naye hakuja. Alituma salamu, samli, na kibuyu cha maziwa. Heshima.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokaa, kila mtu alijua ni nini kiko hatarini. Nilitaka mtoto atakayelia, na nilitaka mikono ya mama impokee. Kati yangu na hayo mawili kulikuwa na ile barabara.

Mume wangu alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Baba yake alikuwa ameletwa kutoka Kavirondo kulaza mataruma, akafia Nakuru, na mwanawe akazaliwa katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, na kukulia huko. Alisilimu ili anioe. Alikuwa mtu wa vyuma. Ukimuuliza jambo la moyo alitafuta kitu cha kukaza. Nilipomwambia nina mimba tena, alitoka, na wiki iliyofuata akaja na wenzake wakivuta gari kwa kamba nyuma ya lori.

Lilikuwa gari la mashindano, dogo, la viti viwili, la rangi ya kijani iliyochunika. Halikuwa na paa isipokuwa turubai lililooza, na boneti yake ilikuwa ndefu kuliko sehemu ya watu. Kijana mmoja wa mzungu mwenye shamba upande wa Njoro alikuwa akilipiga mbio Jumapili kwenye uwanja wa magari, mpaka siku moja akaruka nalo mtaro. Baadaye akahama nchi. Mume wangu alilipata kwa bei ambayo hakunitajia na mimi sikuuliza, maana nilijua nikiisikia nitazaa palepale.

Nilisimama mlangoni nikalitazama. Upande mmoja lilikuwa limeinama. "Hili ndilo litanipeleka Ravine?"

"Injini iko sawa," akasema. "Springi ndio imevunjika."

"Na mimi nitapanda nini, injini?"

Hakucheka. Akainama akapitisha mkono chini ya tairi la mbele, akagusa chuma kama daktari anavyogusa mfupa. "Nitaweka springi ingine. Hutasikia hata jiwe moja."

Kwake hilo lilikuwa shairi la mapenzi. Wakati ule sikulisikia hivyo.

Alifanya kazi nyumbani kwa sababu karakana ya reli haikuruhusu gari la mtu, na gereji ya Muhindi barabarani ilimwambia arudi baada ya Krismasi. Vilevile hakutaka mkono wa mtu mwingine. Kila jioni, na kila Jumapili tangu asubuhi, alilala chini ya gari lile huku miguu yake ikitokeza kwenye njia ya wanawake wanaokwenda kuteka maji. Uani tulikuwa nyumba kadhaa tukitumia bomba moja na kamba moja ya nguo. Wanawake walianza kumruka. Mmoja aliniuliza kama mume wangu bado ana kichwa, maana hajakiona siku nyingi.

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizilowesha kwa mafuta taa, akazigonga, akazilowesha tena. Springi za gari lile zilikuwa vyuma vyembamba virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kila chuma wao hukiita jani. Jani la juu, ambalo ncha zake zimekunjwa ziwe masikio ya kuingiza pini, ndilo lililobeba gari, na la mbele upande wa kushoto lilikuwa limekatika. Alitafuta mwezi mzima hadi akapata linalofanana katika chuma chakavu, kutoka gari dogo la kusambaza mikate. Masikio yake hayakuwa sawa, akayapasha moto akayakunja upya.

Na upepo, ewe upepo wa Nakuru. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma mwaka ule, na kila alasiri vumbi jeupe la magadi liliinuka kule lililokauka likaja kwetu. Liliingia kwenye unga, kwenye maziwa, kwenye macho ya watoto. Kila mume wangu alipopaka majani yake grisi, vumbi liliketi juu yake, ikabidi afute aanze tena. Nilikuwa nikimwangalia kupitia dirishani, nikiona siku zangu zinafutwa pamoja na grisi ile. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilifunga kisanduku changu cha safari, nikakifungua, nikakunja nguo za mtoto upya, nikakifunga. Nilifagia chumba ambacho nilikuwa nimekifagia. Usiku mtoto alicheza tumboni na mchana akatulia, na akitulia mimi nilitembea huku na huku uani nikijipapasa mpaka apige teke. Akipiga nilikaa kidogo, halafu nikaanza tena kungoja.

"Panda basi uende," akasema mkunga.

"Basi hapana," mume wangu akajibu kutoka chini ya gari. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimkatiza mtu mzima.

Sasa niseme lililotuharibia. Mtaa wetu wote ulijua magari. Kulikuwa na watu wa reli, madereva, matanboi wao wa kupakia mizigo, watu waliokuwa wakibeba pareto na viazi kutoka Keringet kwa njia ambayo hata punda huisimulia. Lakini magari waliyoyajua yalikuwa ya mzigo. Katika Nakuru yetu, gari lililokaa chini lilikuwa na maana mbili tu: limejazwa kupita kiasi, au springi zake zimechoka. Na dawa ya hayo yote ilikuwa moja. Unaongeza jani.

Jirani yetu, dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitana ng'ambo ya mto, alikuja Jumapili moja akalizunguka gari lile. Springi zilikuwa zimerudishwa mbili za nyuma. Akaweka kiganja chake kati ya tairi na bati lililo juu yake, kikaingia kwa shida.

"Bwana, hii gari imelala."

"Ndivyo iko."

"Ndivyo iko namna gani? Imelala! Na unataka kubeba mama mjamzito? Tako la gari litafagia barabara. Ongeza majani, mbili mbili kila upande. Mimi niko nayo ya lori, tutakata."

Watu wengine waliokuwa wakinawa bombani wakaja nao wakaweka viganja. Kila mmoja akasema imelala. Mzee mmoja wa karakana akasema hata behewa la kuku halikai chini hivyo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka methali hiyo, hata mimi, maana nami nilikubaliana nao. Nililiona gari lile limejibana chini kama kuku anayeatamia, nikawaza mashimo ya kule Rongai, nikasema ndiyo, liinuliwe. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kupanda gari lililotengenezwa likae chini kwa makusudi.

Wakakata majani ya lori. Sauti ya msumeno wa chuma ilinikaa kwenye meno siku mbili. Mume wangu akayapanga chini ya yale membamba, akakaza bolti, akaweka pini, akateremsha jeki. Gari likasimama. Lilisimama juu, limenyooka, mabega wazi, kama jogoo anayetaka kuwika. Uani watu wakapiga makofi. Dereva wa lori akalipanda na kuruka juu ya bampa la nyuma kwa uzito wake wote, nalo halikutikisika hata kidogo.

"Umeona?" akaniambia. "Chuma!"

Mume wangu alinitazama, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona mwaka mzima. Alikuwa anafurahi. Alitandika mto kwenye kiti, juu ya mto akaweka blanketi, akanifungulia kile kimlango kifupi. "Tujaribu kidogo. Mpaka kwa njia ya Menengai, turudi."

Nilipanda. Wanawake wakanisukuma kwa nyuma, na mmoja akapiga kigelegele kwa utani.

Barabara ya lami ilipita vizuri, nikaanza hata kufikiri nimemwonea mume wangu bure. Halafu tukaingia murram, barabara ya udongo na changarawe. Jiwe la kwanza lilinipiga kutoka chini mpaka kwenye utosi. Shimo la kwanza liliinua gari zima likaliachia. Springi zile hazikumeza kitu. Kila kilichokuwa barabarani zilikichukua zikanikabidhi mimi. Lile lori tupu la mwaka jana lilikuwa godoro ukilinganisha na hili. Nikashika dashibodi kwa mikono miwili, na nilipoiona mikono yangu pale, imeshika vilevile kama siku ile, nikapiga ukelele. Tumbo lilikaza likawa gumu kama jiwe.

"Simamisha!"

Alisimamisha. Nilifungua kimlango nikashuka. Akazunguka kuja kunishika, nikamwambia asiniguse.

"Unataka kumuua na huyu?" nikamwambia. "Huyu naye? Sema basi! Sema kitu!"

Aliinama akagusa springi ya mbele. Vumbi lilipita kati yetu. Nikageuka nikaanza kutembea kurudi mjini, mkono mmoja chini ya tumbo, na yeye akanifuata nyuma na gari polepole njia nzima, injini ikinguruma, hakuthubutu kuniambia nipande na hakuthubutu kuniacha. Watu walisimama milangoni kutuangalia. Nadhani wako wanaosimulia mpaka leo.

Mkunga alinilaza kwa ubavu wa kushoto, akanipapasa, akasikiliza kwa sikio lake. Mtoto alikuwa hai. Lakini tumbo lilikuwa linakaza na kulegea, na bibi yule akatoa hukumu yake bila kunitazama: hakuna Ravine. Hakuna gari, hakuna basi, hata mkokoteni. Nisitoke kitandani ila kwa haja. "Utazalia hapa," akasema, "na mimi niko."

Nilimshukuru, na alipotoka nililia mpaka mto ukalowa. Nilikuwa na woga ambao siwezi kuupamba. Chumba kilikuwa kilekile, kitanda kilekile, mkunga yuleyule, na mama yangu vilevile hayupo. Niliona kama nimetegewa mtego mmoja mara mbili.

Nilipokuwa nimelala hivyo niliona kupitia dirishani mume wangu amesimama peke yake mbele ya gari. Akaweka kiganja juu ya bati la tairi akabonyeza. Halikwenda. Akabonyeza kwa mikono miwili. Akabonyeza kwa kifua. Kisha akaketi chini kwenye vumbi.

Dereva wa lori alipopita, nilimsikia mume wangu akimwambia, "Nimeifanya lori."

"Si ndio nguvu?"

"Mtu si gunia," mume wangu akasema, akachukua jeki.

Siku zilizofuata alifungua alichokuwa amefunga. Alitoa majani yote ya lori akayatupa nyuma ya choo. Yale membamba ya asili aliyasugua moja moja mpaka yakang'aa, akayapaka grisi kati ili yateleze, na safari hii akazungushia kila springi vitambaa vya turubai na kushona kwa waya, upepo usiingize vumbi. Nilikuwa nayasikia yote kutoka kitandani. Nilijua sasa hayanihusu, maana mimi siendi popote, na jambo hilo lilinichoma zaidi: amenikosesha safari, naye bado anacheza na gari. Aliniletea chai, nikageukia ukutani. Aliweka kikombe chini, akatoka, na punde nikasikia spana.

Halafu asubuhi moja, jua likichomoza, gari likawaka. Nikasikia likitoka uani, likageuka barabarani, mngurumo ukafifia upande wa magharibi. Nilimwuliza mkunga amekwenda wapi. Akasema hajui, hakumuaga mtu. Ilikuwa Jumapili, wenzake walikuwa wakienda kutazama mashindano uwanjani, nikajua, au nilidhani najua. Nilisema maneno juu ya mume wangu ambayo bibi yule aliniomba niyaache kwa sababu ya mtoto.

Haikufika adhuhuri, uchungu ukanishika.

Sitausimulia. Waliozaa wanaujua, na wasiozaa hawataujua kwa kalamu yangu. Nitasema tu kwamba sikuweza kulala wala kukaa. Nilizunguka chumba nikishika ukuta, na upepo ulipoanza kupiga mabati nilidhani ni mimi ninayetoa sauti ile. Nilikuwa nikimwuliza mkunga swali moja tu, kila baada ya uchungu: anacheza? Bado anacheza? Na bibi yule akajibu anacheza, mpaka mara moja akachelewa kujibu. Nilimshika mkono nikamtazama. "Amechoka," akasema. "Na wewe unamchosha kwa kutembea. Tulia." Lakini macho yake hayakutulia.

Ndipo gari likaingia uani. Sikujali. Nikasikia watoto wakipiga kelele, nikasikia wanawake wakisema "Subhanallah," na mtu akacheka kisha akakatiza kicheko. Mlango ukafunguliwa. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke mweupe pepe kwa vumbi kuanzia ushungi mpaka viatu, nyusi nyeupe, mdomo umekazwa.

"Nani amemfunga mtoto wangu nguo nyingi hivi na joto hili?" akauliza. Ilikuwa sauti ya mama.

Nilimshika. Nilimshika nikamchafua na nikachafuka. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akaniweka miguu anavyojua yeye, akambadilisha mkunga upande, na wale wanawake wawili ambao hawakuwahi kuonana wakafanya kazi kana kwamba wamekula chungu kimoja maisha yao yote. Mama alipiga magoti mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "sasa huna mahali pa kwenda. Umefika." Nikasukuma.

Alitoka wa samawati, kimya. Nilikijua kimya kile. Mama akamgeuza, akamfuta mdomo kwa kidole, akampulizia, akampiga mgongoni, mkunga akimsomea dua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa jiwe. Kisha akakohoa mara moja, kama mzee, na akalia. Alilia kwa hasira kabisa, na mama akasema huyu ni wa kike, nimemjua kwa makelele. Nje ya dirisha nilisikia kitu kizito kikianguka. Mume wangu alikuwa amekaa chini.

Mama alikaa mpaka arobaini ikaisha. Hakulala chini ya paa la mkwewe hata usiku mmoja, kwa maana mkwewe ndiye aliyehama, akalala kwa dereva wa lori, na kwa hesabu za mama nyumba isiyo na mwenyewe si ya mkwe. Hapo nilijifunza kwamba desturi ina milango zaidi ya inayoonekana, ukiwa na mtu anayetaka kuingia.

Siku moja alipokuwa akinikanda mgongo kwa maji ya moto nilimwuliza alivyokubali kuja. Gari la viti viwili, bega kwa bega na mkwe, kutoka Ravine mpaka Nakuru! Alikamua kitambaa kwanza.

"Alikuja akasimama nje ya ua, amenipa mgongo," akasema. "Akauambia mlango: 'Mama, mtoto wako anaogopa, na mimi siwezi kumsaidia.' Nikamwuliza, na wewe utakaa wapi? Akasema usukani uko upande wa kulia, hawezi kuuhamisha. Basi nikafunga leso katikati, kutoka kwenye kioo mpaka kwenye vyuma vya turubai. Nikakaa kwangu, akakaa kwake."

Nilicheka mpaka tumbo likauma. Nikamwuliza kama springi zilikuwa ngumu.

"Sikusikia springi. Gari lilikwenda kama mtu anayebembea. Lakini tulipoanza kushuka, yule bwana wako akaanza kusema."

"Kusema nini? Huyo hasemi."

"Alisema na leso. Mimi nilitazama upande wangu." Mikono yake iliendelea kupanda na kushuka mgongoni mwangu. "Alisema habari za yule wa kwanza. Kwamba yeye ndiye alichagua lile lori. Kwamba wanaume walitaka kumwosha wao, akakataa, akamwosha mwenyewe, kwenye karai, hakujua amshike vipi. Alisema njia nzima, analia, anaendesha. Nikamwambia mara moja tu kwamba si lori lililomuua. Sijui kama alisikia."

Maji yalikuwa yakipoa kwenye beseni. Binti yangu alikuwa kifuani, amelala na chuchu mdomoni. Sikuweza kumwuliza mama yule wa kwanza alikuwa na sura gani, lakini alikuwa ananijua, akajibu.

"Alisema alikuwa na nywele nyingi," mama akasema. "Nyeusi, mpaka hapa shingoni. Na masikio yako."

Nilimwambia arudie. Akarudia.